Karakanani naweza, kwenye ubao wa kuchorea nashindwa

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza, nasomea uhandisi mitambo. O-level nilisoma shule ya kata ambayo haikuwa na somo la ufundi hata moja, A-level nikachukua PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Bikari nilikuwa nimeishika kwenye hesabu tu. Huku nimekuta wenzangu waliotoka Ifunda, Moshi Ufundi na Tanga Ufundi, ambao TD, yaani somo la michoro ya ufundi, wameisoma tangu kidato cha kwanza. Mhadhiri akitoa kazi asubuhi, jioni wao wako vimbwetani wanapiga stori. Mimi nakesha nayo, na bado inarudi imejaa wino mwekundu.

Nikupe mfano wa kazi ya mwisho. Tulipewa braketi ya umbo la L. Kitako kina urefu wa mm 80, upana 50 na unene 12. Upande wa kushoto kuna ukuta uliosimama, nao una unene wa 12, na kimo cha jumla ni 60. Kwenye kitako kuna tundu la kipenyo cha 20. Tulitakiwa kuchora mionekano mitatu kwenye A3, skeli 1:1. Nilifuata video za profesa mmoja wa Marekani, maana anaeleza taratibu na naelewa. Nikachora mwonekano wa mbele, wa juu nikauweka juu yake, wa ubavu wa kulia nikauweka kulia. Vipimo nilihakiki vyote. Nikapata 9 kwa 25. Kwenye mwonekano wa juu kumeandikwa "si mahali pake". Kwenye wa ubavu mhadhiri amezungushia mstari mmoja akaandika "huu umefichika". Umefichikaje, Mwalimu, wakati mtu akisimama kulia anauona kabisa? Halafu chini, kwa herufi kubwa: CHAFU.

Sasa nipo njia panda. Kuna kaka mmoja darasani, tumetoka mkoa mmoja, yeye amesoma shule ya ufundi. Amesema kazi zilizobaki atanichorea kwa elfu tano kila moja, na hata nikiwa sina, "tutajuana". CA, yaani alama za kazi za muhula, ikibaki hivi nakula sapu, ule mtihani wa marudio, nikikosa na sapu nalirudia somo mwakani. Rafiki yangu wa chumbani anasema nisijitese, AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, inaanza muhula ujao na siku hizi hakuna anayechora kwa mkono. Baba yangu mdogo anachomelea mageti, anacheka tu, anasema hajawahi kuhitaji mchoro maishani. Mama anataka nihamie ualimu wa hesabu mapema, na kweli hesabu naipenda.

Kinachonichanganya ni kwamba karakanani sina shida. Tulipewa karatasi yenye mchoro wa kipande cha chuma tukikate kwa msumeno na kukisawazisha kwa tupa, na changu kilipita kipimo bila kurudiwa. Lakini kuchora, sina jicho. Nifanyeje?

Na jambo dogo: kuna mtu anauza ubao na rula ya T za mtumba kwa elfu sitini. Ninunue?

Asiye na Jicho,
Mbeya

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Ukiyapanga uliyoandika, una maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la kazi zilizobaki: uzifanye mwenyewe, umpe kaka huyo, au uvumilie mpaka kompyuta ije. La pili ni zito zaidi: kama hili somo linakuambia kwamba uhandisi si wako. Yote mawili umeyajengea msingi mmoja, kwamba huna jicho. Tuanze na msingi huo, maana ushahidi ulioleta hauuthibitishi.

Tazama ile braketi. Kuna njia mbili zinazokubalika za kupanga mionekano kwenye karatasi. Katika pembe ya kwanza, kitu kinakaa kati ya jicho lako na karatasi, kwa hiyo picha yake inaangukia ng'ambo: ulichokiona kutoka juu kinachorwa chini ya mwonekano wa mbele, na ulichokiona kutoka kushoto kinachorwa kulia. Katika pembe ya tatu karatasi ndiyo inakaa kati ya jicho na kitu, mfano wa kioo cha dirisha, na picha inabaki upande uleule uliotazamia: cha juu juu, cha kulia kulia. Marekani wanatumia pembe ya tatu. Ulaya wamezoea pembe ya kwanza, na vyuo vyetu vingi vinaanza na hiyo kwa sababu mitaala yetu ya ufundi ilirithi mazoea ya Uingereza. Profesa wako wa YouTube hakukosea, na wewe hukumwelewa vibaya. Ulijibu sawasawa swali la nchi nyingine.

Sasa fuata alivyosahihisha mhadhiri wako. Ameona mchoro uko kulia, akausoma kama mwonekano wa kutoka kushoto, kama pembe ya kwanza inavyodai. Ukisimama kushoto kwa braketi hiyo unaona ukuta mtupu wa 50 kwa 60. Uso wa juu wa kitako, ulio mm 12 kutoka chini, uko nyuma ya ukuta, kwa hiyo mstari wake lazima uwe wa vipande vipande. Wewe uliuchora mzima kwa sababu ulikuwa umesimama kulia, na kutoka kulia kweli unaonekana. Ndiyo maana maelezo yake yalikushangaza. Uamuzi mmoja tu, wa pembe ipi, umekuletea wino mwekundu sehemu mbili, na pengine umeondoka na alama nyingi kuliko unavyodhani.

Nenda kwa mhadhiri na karatasi hiyohiyo, umuulize kwa adabu: "Kama ningeandika pembe ya tatu na kuweka alama yake, ungeisahihishaje?" Alama yenyewe ni ile koni iliyokatwa kichwa pamoja na duara mbili, nayo hukaa ndani au karibu na kisanduku cha maelezo kona ya chini kulia. Sisemi atakuongezea alama. Pengine maelekezo ya kazi yalitaja pembe na ikakupita. Lakini jibu lake litakuonyesha ni kiasi gani cha zile 16 ulizokosa kilitokana na kanuni, na kiasi gani kilitokana na mkono.

Kuna ushahidi mwingine umeutaja na kuupita haraka. Kule karakanani ulipewa mchoro, ukaugeuza kuwa chuma, kikapita kipimo. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma mchoro. Mtu asiyeweza kuona umbo ndani ya mistari angekata mahali pasipo pake. Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: unaposema "jicho", unamaanisha nini hasa? Kuona umbo kichwani? Kujua kanuni za mistari? Au kutoa karatasi safi kwa wakati? Ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mazoezi yake.

Jipime kwanza kwenye la kuona. Chukua braketi hiyohiyo, funga video, ichore upya kwa pembe ya kwanza, mkono mtupu, bila rula. Ikitoka sawa, shida yako kubwa ilikuwa kanuni. Ikikugomea, usikimbilie kusema ni kipaji. Kukibana kitu chenye pande tatu kwenye karatasi bapa si jambo jepesi: Gaspard Monge alipolipangia utaratibu katika shule ya kijeshi ya Mézières, Ufaransa, karne ya 18, jeshi liliufanya siri kwa miaka. Na uwezo huo unafundishika. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Michigan Tech, Sheryl Sorby na mwenzake walianzisha kozi kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza waliopata asilimia 60 au chini yake katika jaribio la maswali 30 la kuzungusha maumbo kichwani. Sorby mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, somo la kuchora ndilo lililomtoa jasho. Waliofanya mazoezi walipanda, na wasichana waliopitia kozi hiyo walibaki kwenye uhandisi kwa wingi zaidi kuliko wenzao ambao hawakuipitia. Miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha wanafunzi tangu mwanzo ni kama mtu aliwahi kusoma michoro ya ufundi kabla ya chuo. Wenzako wa Ifunda wanakuzidi miaka ya mazoezi. Hilo ni pengo kweli, sitalipunguza, ila ni pengo la mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha. Nunua sabuni ya mche, kata vipande vya mchemraba, kisha kila kipande kitoe kona, mfereji au mteremko kwa kisu. Kiweke mbele yako, chora mionekano mitatu kwa mkono kwenye daftari la miraba, kisha mchoro wa isometriki, ule wa mistari miwili ya pembeni inayoinuka nyuzi 30. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ndiyo inayojenga zaidi, na wengi huiruka: chukua mionekano mitatu kutoka kwenye maswali ya zamani, usitazame jibu, uchonge sabuni mpaka ilingane nayo. Ukikosea, sabuni itakuonyesha mahali uliposoma vibaya. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko kukesha Jumapili nzima. Na hapo baba yako mdogo ana msaada kuliko anavyojua, maana kwenye karakana yake kuna vipande vya chuma vya pembe, bawaba na mabaki ya bomba, na kila kimoja ni swali la mtihani. Kuhusu mageti, ana haki yake: anayepima, anayekata na anayechomelea ni mtu yuleyule. Mchoro unaanza kuhitajika siku anapoagiza kipande kwa fundi wa mji mwingine.

Sasa hilo la CHAFU, na la kukesha. Mara nyingi haya mawili hutoka chungu kimoja. Mwanafunzi anaanza na penseli laini ya HB, anakandamiza, anamaliza mwonekano mmoja ndipo aende wa pili. Akigundua kosa anafuta, grafiti inasambaa, pembetatu za plastiki zinaiburuta karatasi nzima. Anza na 2H, penseli ngumu zaidi, mkono mwepesi, mstari uonekane kwako tu. Kabla ya mstari wowote, piga hesabu ya nafasi. A3 ni 420 kwa 297. Ukiacha pambizo ya 20 kushoto na 10 pande nyingine, unabaki na 390 kwa 277. Mionekano yako kwa upana inahitaji 80, pengo la 40 na 50, jumla 170. Kwa kimo ni 60, pengo la 40 na 50, jumla 150. Imebaki 220 kwa upana na 127 kwa kimo, gawa kila moja mara mbili, utajua pa kuanzia: kama 110 kutoka pambizo ya kushoto na 63 kutoka ya juu. Anayeruka hesabu hii ndiye anayejikuta mwonekano wa juu unaingia kwenye kisanduku cha maelezo, anafuta vyote.

Kisha pandisha mionekano yote mitatu kwa pamoja. Weka mistari ya kati ya tundu kwanza, halafu maboksi matatu ya nje, halafu unene wa ukuta mahali pote unapotokea, halafu tundu mahali pote linapotokea. Upana usiupime mara mbili: kwenye kona tupu ya chini kulia piga mstari wa nyuzi 45, mistari ya mwonekano wa juu iende kulia mpaka iuguse, kisha ipande moja kwa moja hadi kwenye mwonekano wa ubavu. Kinachokula usiku wako, nadhani, ni kupima upya kitu ambacho tayari kipo kwenye karatasi.

Ukikamilisha kwa wepesi, hakiki, ndipo ukoleze. Tumia H au HB iliyochongwa kwa msasa, uanze na duara na tao, kwa sababu kuunganisha mstari ulionyooka na tao ni rahisi, kuunganisha tao na mstari ambao tayari umekolea ni mateso. Risasi ya bikari iwe laini kwa daraja moja kuliko penseli, maana bikari huwezi kuikandamiza. Baada ya duara, shuka kutoka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia kama unatumia mkono wa kulia, ili usipite juu ya ulichokoleza. Mistari ya umbo iwe na unene mara mbili ya mingine: kwenye A3, mm 0.5 kwa umbo na 0.25 kwa vipimo, mistari ya kati na iliyofichika. Kabla ya kila kazi, osha pembetatu na rula ya T kwa sabuni, na vumbi la ufutio lifagie kwa kitambaa, si kwa kiganja. Jasho la kiganja ndilo linalougeuza unga wa penseli kuwa doa.

Turudi kwa kaka wa elfu tano. Naelewa kinachokuvuta: CA ipande, usingizi urudi. Lakini fikiria kinachobaki baada ya hapo. Katika vyuo vingi CA ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, na mtihani wa kuchora unafanyika ukumbini ukiwa peke yako na ubao. Kazi nne nzuri kwenye faili hazitakusogezea penseli siku hiyo. Pia maandishi ya mtu kwenye mchoro yanajulikana kama saini. Mhadhiri aliyekwisha kuona herufi zako atashangaa 9 ilivyogeuka 22, na chuo chako kina kanuni za udanganyifu ambazo adhabu yake inaweza kuzidi sapu. Na lile la "tutajuana": deni lisilotajwa bei, utalipimaje baadaye? Huenda ana nia njema tu. Wewe ndiye unayemjua.

Je, kuna namna ya kumtumia bila kumkabidhi penseli? Kwa mfano, elfu tano hiyo iwe ya saa moja kimbwetani, mkiwa na wengine, yeye akikagua mchoro wako ukiwa bado wa 2H, kabla hujakoleza. Hapo kosa linafutika bila doa. Nako kuna hatari yake: anayechora haraka si lazima aweze kueleza. Akianza kukunyang'anya penseli ili "akuonyeshe", mmerudi palepale.

Rafiki yako wa chumbani yuko sahihi kwa nusu. Ofisi nyingi zinachora kwa kompyuta, hilo halina ubishi. Ila AutoCAD ukiitumia kwa mistari ya kawaida haitakuambia mstari upi umefichika. Itachora kosa lako kwa unadhifu mkubwa. Programu za pande tatu zinatoa mionekano zenyewe, lakini zina mahali pa kuchagua pembe ya kwanza au ya tatu, na asiyejua tofauti anaacha ilivyokuja. Kama una kompyuta, FreeCAD, programu ya pande tatu, ni ya bure, na inaweza kukusaidia sasa hivi: chora kwa mkono kwanza, kisha jenga umbo humo, lizungushe, ulinganishe. Ukianza kwa kulizungusha kwenye skrini, kompyuta ndiyo itakayofanya zoezi lililokuwa lako.

Kuhusu ualimu wa hesabu, mama hajakosea kukuwazia, na mtu anayependa hesabu hapotezi kitu kwa kuifundisha. Ningependa tu ujiulize ungeutaka ualimu huo hata kama braketi ingepata 22. Kama jibu ni ndiyo, basi tayari una sababu nzuri, haina haja ya kusubiri TD ikufukuze. Kama jibu ni hapana, jipe kazi moja au mbili zilizofanywa kwa pembe sahihi kabla ya kupima. Ukifikiria kuhamia fani nyingine ya uhandisi badala ya ualimu, kumbuka ujenzi na hata umeme mara nyingi wana somo hilihili mwaka wa kwanza. Uhamisho una tarehe zake za mwisho, kwa hiyo ulizia ofisi ya udahili wiki hii, na kama una mkopo muone anayeshughulikia mikopo chuoni kabla hujajaza fomu yoyote. Kuulizia si kuhama. Kukawia ndiko kunakoweza kukuamulia.

Ubao wa mtumba: usitoe elfu sitini kabla ya kuujaribu pale pale kwa muuzaji. Piga mstari mrefu kwa rula ya T, igeuze juu chini, upige tena kupitia ncha zilezile mbili. Mistari ikiachana katikati, rula imepinda. Tikisa kichwa chake. Kikicheza, kila mstari wako wa mlalo utakuwa na mwelekeo wake. Kisha pitisha ukingo ulionyooka kwenye ubavu wa kushoto wa ubao, maana kichwa cha T kinateleza hapo, na ukingo uliomung'unyika hautengenezeki kwa tepu. Pembetatu nazo zijaribu: simamisha moja juu ya rula, piga mstari wa wima, ipindue, piga mwingine kuanzia nukta ileile. Zikiachana, kosa halisi la pembetatu ni nusu ya mwachano unaouona. Kama chuo kina ukumbi wa kuchorea ulio wazi jioni, ubao wa pale unatosha, na fedha hiyo ianze na bikari nzuri isiyolegea.